Kusafiri na mbwa kwenda kijijini mwisho wa mwaka: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ikifika katikati ya Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kuelekea Kilimanjaro na Arusha hujaa magari ya watu wanaokwenda kula sikukuu kwao. Siku hizi, kati ya mabegi, madumu ya mafuta na magunia ya mchele, unamwona na mbwa. Mimi jambo hilo hunifurahisha sana. Mbwa aliyezoea watu hastahili kufungiwa bandani wiki tatu akitupiwa makoko na mlinzi mwenye shughuli zake. Lakini kumpakia tu garini haitoshi. Mnyama hajui likizo ni nini. Anachojua ni watu wake, chakula chake, pahali pake pa kulala na saa zake za kutoka nje. Ukivivuruga vyote kwa siku moja, safari inageuka adhabu. Kazi yako ni kuyahamisha mazoea yake pamoja naye, na hatua zote zilizo hapa chini zinalenga hilo.

Nimechukua njia ya Dar hadi Moshi, zaidi ya kilomita 500, kuwa mfano. Anayetoka Nairobi kwenda Mombasa au Kisumu atabadilisha majina ya vituo tu.

Hatua ya kwanza: amua nani anakwenda na nani anabaki

Si kila mnyama ni wa kusafiri. Mtoto wa mbwa ambaye hajakamilisha chanjo abaki. Jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha abaki. Mbwa mzee mwenye matatizo ya moyo au pumzi abaki, na wale wa pua fupi, kama bulldog na pug, joto la Desemba huwaumiza haraka kuliko wenzao.

Paka, kwa maoni yangu, mwache nyumbani karibu kila mara. Mbwa humfuata mtu, paka hushikamana na nyumba. Ukimpeleka kijijini, saa ya kwanza atakayopata upenyo atatokomea migombani, na siku ya kuondoka mtamwita mpaka sauti zikauke. Mtafutie mtu mmoja anayeaminika aje asubuhi na jioni: amwekee chakula, abadilishe maji, asafishe mchanga wake na kukaa naye kidogo. Mwachie mtu huyo pesa ya chakula na ya dharura, pamoja na namba ya daktari wa mifugo. Kama huna budi kusafiri naye, awe ndani ya boksi imara lenye matundu ya hewa na mlango unaofungika sawasawa, kamwe asipakatwe mapajani.

Kisha mpigie simu mwenye nyumba mnakokwenda. Hili watu wengi hawalifanyi, na ndilo linaloleta manung'uniko sikukuu nzima. Usimshtukize bibi yako getini. Mwambie mapema: "Shikamoo bibi, mwaka huu tunakuja na mbwa wetu. Tunaomba ruhusa yako, na tunaomba utuambie alale wapi." Huenda kuna mjukuu anayeogopa mbwa, kuku wanaozurura uani au mbwa wa boma asiyependa wageni. Yote hayo uyajue kabla hujapakia gari.

Kama mnakwenda Tanga, Pemba, Lamu au kwa ndugu Waislamu popote, heshima inazidi hapo. Waislamu wengi wa pwani wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ndiyo maana mbwa wako awe na vyombo vyake mwenyewe, asiingie sebuleni, asikaribie mikeka ya kuswalia wala njia ya watu wanaokwenda msikitini. Wenyeji wakikubali alale uani, shukuru na utii mpaka huo. Wakikataa, basi tafuta pahali pengine pa kumwacha bila kununa.

Hatua ya pili: wiki sita kabla, nenda kwa daktari wa mifugo

Kichaa cha mbwa ndicho cha kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huu huambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari, kwa kawaida kila mwaka. Chanjo haifanyi kazi siku hiyohiyo. Mwili unahitaji wiki kadhaa kujenga kinga, kwa hiyo kuchanja juzi na kusafiri leo ni sawa na kwenda bila chanjo. Mwulize daktari pia chanjo ya parvo na distempa (magonjwa ya virusi yanayoua mbwa), dawa ya minyoo, na kinga ya kupe na viroboto.

Kwenye kupe, naomba usome polepole. Watu wengi huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakakadiria kwa macho, wakammwagia mbwa. Kipimo kikizidi, anatetemeka, anatoka mate na anaweza kufa. Kwa paka ni hatari zaidi: permethrin na amitraz, ambazo zimo kwenye dawa nyingi za mbwa na za ng'ombe, humuua. Nunua dawa ya mbwa kwa uzito wa mbwa wako, na ya paka kwa paka.

Mwombe daktari cheti cha chanjo chenye jina la mnyama, umri, rangi, tarehe na mhuri. Ukiwa hapo, ulizia kwenye ofisi ya mifugo ya wilaya kibali cha kumsafirisha, maana kunapotokea mlipuko wa ugonjwa, usafirishaji wa wanyama kati ya mikoa hubanwa. Piga picha karatasi zote kwa simu, halafu nakala halisi ziweke kwenye kisanduku cha mbele cha gari, si chini ya mabegi.

Hatua ya tatu: mzoeshe gari na kizimba

Mbwa ambaye amepanda gari mara moja tu maishani, siku ya kwenda kuchomwa sindano, ana sababu ya kuliogopa. Anza mwezi mmoja kabla. Siku za kwanza mlishe karibu na gari lililozimwa, mlango wazi. Kisha mlishe ndani. Kisha washa injini mkae tu. Kisha mzunguke mtaa, mwishowe nenda naye pahali anapopapenda. Ukiona anameza mate, anapiga miayo mfululizo au anatetemeka, rudi hatua moja nyuma.

Kizimba nacho hivyohivyo. Kiwe kikubwa kiasi cha yeye kusimama, kugeuka na kujinyoosha, lakini kisiwe kipana mpaka akawa anarushwa huku na huku kwenye matuta. Kiweke sebuleni, mlango wazi, na ndani kuna kanga au fulana uliyoivaa bila kuifua. Harufu yako ndiyo inayomtuliza. Akianza kuingia mwenyewe kulala mchana, kazi imekwisha.

Gari likiwa dogo kwa kizimba, tumia mkanda wa kifuani unaofungwa kwenye mkanda wa kiti cha nyuma. Usifunge kamba ya shingoni kwenye kiti: breki moja ya ghafla inatosha kumvunja shingo. Na nyuma ya pikapu usimfunge kwa shingo hata kidogo. Akiruka pembeni, kamba inamnyonga gari likiwa linakwenda, na dereva hajui lolote. Pikapu ni kwa kizimba kilichofungwa imara na kuwekewa kivuli kinachopitisha hewa.

Zoezi la mwisho ni la mlango, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mfundishe kungoja. Kamba inavalishwa kwanza, unaishika mkononi, ndipo mlango unafunguliwa, naye hashuki mpaka umwambie. Rudieni kila siku getini kwenu. Mbwa wengi wanaopotea safarini hupotea hivi: gari linasimama, mtoto anafungua mlango akimbilie chooni, mbwa anapita kati ya miguu yake na kuingia barabara kuu.

Hatua ya nne: mzigo wake

Mpangie mfuko wake peke yake. Chakula kile anachokula kila siku, cha kutosha safari na siku mbili tatu za mwanzo. Kama ni ugali wa dona na dagaa, pika wa siku ya safari, ufungashe ukishapoa, na dagaa wakavu wabebe kando. Maji ya nyumbani lita tano, kwa sababu maji mapya na chakula kipya kwa pamoja huleta kuhara. Bakuli mbili, matandiko yake bila kuyafua, kamba ya akiba, taulo chakavu, mifuko ya kuokotea kinyesi, kibanio cha kupe, chumvi ya kuoshea kidonda, bandeji na dawa alizoandikiwa. Mkanda wa shingoni uwe na namba yako ya simu iliyoandikwa kwa wino usiofutika, pamoja na ya mtu wa kule mnakokwenda. Mjini chipu ya chini ya ngozi inapatikana na inafaa sana, lakini kijijini atakayemwokota hana kifaa cha kuisoma. Namba ya simu kila mtu anaisoma.

Dawa za binadamu ziache. Paracetamol humuua paka hata kwa kipimo kidogo. Dawa ya usingizi ya mtu inaweza kumshusha mbwa pumzi au kumchachamaza. Anayetapika garini, daktari atamwandikia ya kwake.

Hatua ya tano: siku ya safari

Ondoka saa kumi alfajiri. Joto la Dar mwezi huo, pamoja na unyevu wake, huanza kuuma saa mbili asubuhi, na wakati huo uwe umeshaiacha Chalinze. Usimlishe kwa muda wa saa sita hivi kabla ya kuondoka. Maji kidogo hayana shida. Mtembeze vizuri ajisaidie na kuchoka.

Kila baada ya saa mbili simama: Msata, Segera, Korogwe, Mombo, Same, popote penye kivuli mbali na lami. Kabla hajashuka, gusa ardhi kwa kiganja. Ikikuunguza wewe, inamuunguza yeye. Mpe maji, mtembeze dakika kumi, mrudishe. Epuka meza za nyama choma: chini yake kuna mifupa iliyopikwa, nayo hupasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Epuka pia mbwa koko wa stendi, hata kama wanaonekana wapole, kwani huna habari na chanjo zao. Kichwa nje ya dirisha kinapendeza kwenye picha, lakini vumbi na kokoto huharibu macho.

Sasa lile ambalo sitachoka kulirudia: usimwache ndani ya gari lililofungwa. Nje kukiwa na nyuzi 27 tu, baada ya dakika 20 ndani ya gari hufika nyuzi 43 hivi, na kioo kilichoachwa wazi kidogo hakisaidii kitu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipoza zaidi kwa kuhema, na hewa ikiwa moto kuhema hakumsaidii. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 viungo vyake vya ndani huanza kuharibika. Mnapokula, mtu mmoja abaki naye kivulini, mpokezane.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kuhema kwa nguvu bila kutulia, ute mwingi mdomoni, ufizi mwekundu sana, kuyumba, kutapika. Hapo hapo mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja, mpepee kwa kanga au mweke mbele ya feni. Mpe maji kidogo kidogo kama anaweza kumeza mwenyewe. Kisha mtafuteni daktari hata kama ameanza kusimama, kwani madhara ya figo na ya damu huweza kujitokeza baadaye.

Kwa anayekwenda Iringa au Mbeya, barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Hapo mbwa asishuke na vioo vifungwe. Pamoja na wanyama wakali kuna mbung'o, wanaoeneza nagana. Kwa mbwa ugonjwa huo huenda kasi: homa, uso kuvimba, macho kuwa na ukungu wa buluu, na asipotibiwa mapema hufa. Na kwa jumla hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wala paka, kwa hiyo usipange kupanda naye Kilimanjaro hata kipande cha kwanza. Njia za vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya kijijini, zinamtosha, na ni nzuri.

Kuhusu basi la mkoani: kama konda anakuambia mbwa atakaa kwenye buti, kataa. Kule hakuna hewa, kuna joto na moshi, na hakuna anayemwona. Ama mkodi gari na ndugu wawili watatu, ama abaki.

Hatua ya sita: mkifika

Usimfungue akaingia bomani mbio. Mtoeni nje ya geti kwanza, na mbwa wa pale aletwe akiwa na kamba. Watembezeni sambamba kwa umbali, mkikaribiana pole pole, huku kila mmoja akiongozwa na mtu anayemjua. Mkishazunguka kihamba mara moja, ndipo waingie pamoja. Wasilishwe karibu karibu siku za mwanzo, kwani ugomvi wao wa kwanza karibu kila mara ni wa chakula.

Mwonyesheni pahali pake pa kulala: matandiko yaleyale, bakuli zilezile, na alishwe saa zilezile za Dar. Siku tatu za mwanzo asitembee bila kamba, hata kama nyumbani kwenu huwa huru. Mbwa wa mjini hajawahi kuona kuku wakimkimbia mbele ya pua. Ataua, na lawama ni yako, si yake. Akiua, lipa siku hiyohiyo bila kubishana bei.

Kisha kuna sikukuu yenyewe. Mbuzi anachinjwa, watoto wanatupa vipande, na kila mgeni anamwonea huruma mbwa. Waambie mapema wasimpe chochote. Maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji ni hatari ya kipekee: humo mna mabuu ya tegu anayekua tumboni mwa mbwa, na mayai yake yakitoka na kinyesi huweza kumpa mtu uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Vipande hivyo vichomwe au vifukiwe kwa kina. Vitunguu, zabibu na chokoleti asipewe. Mbege na machicha yake vilevile, kwani pombe kidogo tu humlewesha mbwa mdogo mpaka akapoteza fahamu.

Usiku wa mwaka mpya mfungie ndani mapema, kabla ya fataki za kwanza. Radio iwashwe, mapazia yashushwe, mtu akae naye. Mbwa anayekimbia baruti hukimbia bila kuangalia nyuma, na gizani, kwenye milima asiyoijua, hawezi kurudi. Akipotea licha ya yote, acha fulana yako na maji pale alipoonekana mwisho, tangaza kwa balozi wa nyumba kumi, kanisani, msikitini na kwa vijana wa bodaboda, na urudi pale pale alfajiri.

Kama likizo ni ya ufukweni

Mtazame asinywe maji ya bahari, atatapika na kuhara. Zaidi ya hapo, jihadhari na bunju, yule samaki anayejivimbisha, ambaye mawimbi humtupa mchangani. Sumu yake haiishi kwa kukauka wala kwa kupikwa. Mbwa akimtafuna, misuli hulegea na pumzi hukatika. Tembea mbele yake kwenye mstari wa mwani, na umfundishe neno la "acha" kabla hamjatoka nyumbani. Kule Diani, nyani hawachezewi: meno ya dume lao hupasua mbwa mkubwa.

Kama kuna mpaka au ndege

Kuvuka Namanga au Holili kunahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka idara ya mifugo ya nchi unayokwenda, na cheti cha afya cha nchi unayotoka. Viombe wiki kadhaa mbele, usitegemee kuelewana na afisa mpakani. Kuingia Zanzibar nako waulize kwanza mamlaka ya mifugo ya kule.

Ndugu walio Ulaya wanaotaka kurudi na mbwa wao, hesabu ni ndefu. Umoja wa Ulaya unataka chipu kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha damu ipimwe angalau siku 30 baada ya chanjo, kisha miezi mitatu ya kungoja tangu damu kutolewa, kwa mnyama anayetoka Tanzania au Kenya. Jumla ni miezi minne na zaidi. Anayekuja likizo na mbwa kutoka Ulaya apime damu hiyo kabla hajaondoka huko, naye hatangojeshwa akirudi. Uingereza huongeza dawa ya tegu kwa mbwa, itolewe na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Marekani, tangu Agosti 1, 2024, haipokei mbwa wa chini ya miezi sita. Na kasuku wa kijivu yumo kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, asivushwe mpaka wowote bila vibali.

Mkirudi nyumbani

Mkague kwa vidole usiku huohuo: masikioni, kwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Kupe akionekana, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, osha pahali pale kwa sabuni. Usimpake mafuta ya taa. Kwa wiki tatu angalia kama amekosa hamu ya kula, ana homa, ufizi umepauka au mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa. Hiyo ni homa ya kupe mpaka daktari aseme vinginevyo, na matibabu ya mapema huokoa.

Kama aling'atwa na mbwa asiyejulikana, mpeleke akachanjwe tena hata kama cheti chake hakijaisha. Kama ni mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaanze sindano. Matandiko yote yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kizimba kipigwe dawa, na gari lifagiliwe hadi chini ya viti, maana kupe wa mbwa huweza kukaa miezi kwenye nyufa akingoja.